Mswada Kabla ya Jukwaa: Tathmini ya Kikundi cha Watunzi wa Tamthilia Kansanga

Mtunzi wa tamthilia anayeandika kwa Kiswahili hapa Kampala ana shida mbili zinazofuatana: hana pa kuusikia mswada wake ukisomwa na watu makini, na akishapata pa kuusomea, hana hakika kama utarudi mikononi mwake ukiwa bado mali yake. Kikundi cha usomaji wa miswada kinachokutana Kansanga, ambacho hakijajipa jina wala hakina hata bango mlangoni, kinaitatua shida ya kwanza vizuri kuliko huduma nyingine yoyote ninayoifahamu mjini, na ya pili kwa kiasi cha kuridhisha. Kinapokwama ni katika hatua inayofuata, yaani kuutoa mswada uliokomaa mezani na kuupandisha jukwaani.

Utaratibu wanaoufuata umetoka mbali. Mratibu, ambaye wote humwita Mwalimu, aliwahi kuishi Auckland na kuhudhuria usomaji wa tamthilia za waandishi wa Pasifika, yaani watu wenye asili ya Samoa, Tonga, Niue, Fiji, Tokelau na Visiwa vya Cook wanaoishi Nyuzilandi. Huko jamii hiyo haikusubiri majumba makubwa yaikumbuke. Kundi la Pacific Underground liliundwa mjini Christchurch mwaka 1993, na mwaka huohuo likatoa tamthilia ya Oscar Kightley na Simon Small kuhusu familia ya Kisamoa iliyohamia Nyuzilandi. Miaka ya baadaye Victor Rodger, mtunzi mwenye asili ya Samoa, alianzisha kundi la FCC, ambalo huandaa usomaji wa hadharani wa tamthilia za waandishi wasio wazungu, ambazo pengine zisingesikika. Nyuma ya juhudi za namna hiyo ipo Playmarket, wakala wa watunzi ulioanzishwa mwaka 1973, ambao hutoa ushauri wa miswada, hushughulikia haki za maonyesho kwa niaba ya watunzi, na husimamia tuzo ya miswada mipya yenye zawadi maalumu ya tamthilia bora ya mtunzi wa Pasifika.

Mwalimu hakuleta Kansanga wakala wala tuzo, kwa sababu vitu hivyo vinataka fedha. Alichokileta ni nidhamu ya kusoma. Mswada hupelekwa mapema, wasomaji hugawiwa wahusika, kisha siku ya kikao husomwa wote kwa sauti, karatasi mkononi, bila mapambo wala miondoko. Mtunzi hukaa pembeni na haruhusiwi kusema lolote mpaka maswali yaishe, na maswali yenyewe ni lazima yawe maswali kweli: anayeanza kwa kusema “mimi ningeandika hivi” hukatizwa kwa upole, na akirudia hukatizwa bila upole.

Nilishuhudia nidhamu hiyo ikifanya kazi katika mswada wa dada mmoja mzaliwa wa Bunia, mashariki mwa Kongo, kuhusu mawifi wawili wanaouza vitenge Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Katika onyesho la pili mmoja wao anahesabu fedha za deni, kisha anaanza kumsimanga mwenzake kwa hotuba ndefu. Msomaji aliishiwa pumzi kabla ya kufika katikati, akatazama juu, akameza mate, akaendelea, na kila mtu ukumbini akawa ameelewa kasoro ilikuwa wapi. Swali lililofuata lilitoka kwa mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye huja kusikiliza tu: “Samahani, binti yangu, huyu mama alipoanza kusema alikuwa ameshika fedha. Sasa hizo fedha zimekwenda wapi?” Mtunzi alikuwa amezisahau. Katika rasimu iliyosomwa baadaye hotuba ile ilikuwa imebaki sentensi tatu, na kati ya sentensi na sentensi mwanamke anaendelea kuhesabu noti, anakosea kwa hasira, anaanza upya, huku wifi yake akimtazama mikono badala ya uso. Onyesho lile sasa lina uhai ambao ushauri wa kuandikwa pembezoni mwa ukurasa usingeuleta.

Mjadala mkali zaidi ulihusu lugha yenyewe. Wasomaji wa kikundi ni mchanganyiko unaoujua kila anayeishi upande huu wa mji: Wakongomani, wanafunzi kutoka Kenya, walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari, na Waganda waliojifunza lugha hii kwenye kambi za jeshi au kwenye malori ya masafa marefu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliona mazungumzo ya wale mawifi yana makosa ya sarufi, akauliza kama mtunzi anakusudia kuyasahihisha. Mratibu hakumjibu, bali aliuliza ni nani atakayekaa kwenye viti siku tamthilia itakapoonyeshwa. Akaeleza kwamba katika tamthilia nyingi za Pasifika wazee huzungumza Kisamoa au Kitonga bila kutafsiriwa, sehemu moja ya ukumbi ikacheka na nyingine ikasubiri, na watunzi hawaoni haya kwa hilo. Mwishowe mtunzi aliwaachia wanawake wa sokoni Kiswahili chao cha mpakani, na Kiswahili sanifu akamvisha ofisa wa forodha kama sare ya kazi. Mwalimu yule wa sekondari hakuridhika, na kwa kweli hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa hadhira ya Kampala tayari inakisikia Kiswahili kwa wasiwasi. Kilifika kwenye kambi za jeshi na kwenye vizuizi vya barabarani kabla hakijazoeleka sebuleni, na historia hiyo bado inakigharimu.

Hata hivyo, Kiswahili si mgeni katika tamthilia za nchi hii. Kundi la maonyesho ya kusafiri la Chuo Kikuu cha Makerere, lililoanza mwaka 1965, lilizunguka mikoani likiigiza kwa Kiingereza, Kiluganda, Kiswahili na lugha nyingine. Baraza la Mawaziri nalo liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, ingawa anayefuatilia maonyesho ya Kampala anajua kwamba idhini hiyo haijabadilisha sana kinachosemwa jukwaani. Kwa hiyo kikundi cha Kansanga kinafanya kazi ambayo hakuna taasisi iliyojitwika.

Kuhusu haki za mtunzi, niliingia nikiwa na mashaka. Kundi jingine, ambalo sitalitaja, liliwahi kuchukua onyesho zima kutoka katika mswada wangu na kulichezesha katika tamasha bila jina langu wala taarifa. Huko Kansanga, mtunzi na kikundi hutia saini karatasi ya ukurasa mmoja inayosema kwamba mswada unabaki mali ya mtunzi, kwamba nakala zote hukusanywa baada ya kusomwa, na kwamba hakuna atakayeuigiza bila ruhusa ya maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi hata bila karatasi hiyo, lakini watu hukumbuka zaidi walichokitia saini wenyewe. Karatasi ina pengo moja: haisemi lolote kuhusu maneno ambayo wasomaji huyabuni papo hapo na mtunzi akayapenda. Leo hilo ni jambo la kuchekesha. Siku tamthilia itakapoingiza fedha halitachekesha.

Kasoro za kawaida zipo. Paa la ukumbi ni la mabati, na mvua ya mchana ikishuka usomaji husimama, kwa maana hata msomaji mwenye sauti ya mnadani hasikiki. Vikao huchelewa, foleni ya magari ikilaumiwa kila mara. Gharama ya kuchapa nakala ni ya mtunzi, na ingawa Nasser Road wanachapa kwa bei nafuu, mswada mrefu kwa wasomaji wanane unauma mfukoni. Wasomaji wa kiume ni wengi kuliko wa kike, hivyo wanawake wawili au watatu hubebeshwa wahusika wote wa kike, na mara nyingine bibi na mjukuu husemwa na kinywa kimoja.

Kasoro kubwa ni ile niliyoitaja mwanzoni. Mswada ukishasomwa, ukaandikwa upya na kusomwa tena, kikundi humkabidhi mtunzi maandishi yake pamoja na pongezi. Mwalimu hupenda kuwatuliza wenye haraka kwa mfano wa Tusiata Avia, mshairi wa Nyuzilandi mwenye asili ya Samoa, ambaye mashairi yake yalianza kama onyesho la mtu mmoja mwaka 2002, kisha mwaka 2016 yakapangwa upya kwa wanawake sita chini ya uongozaji wa Anapela Polata'ivao, na mwaka 2020 yakaonyeshwa New York. Mfano huo ni mzuri, lakini unathibitisha hoja iliyo kinyume na anayoikusudia. Toleo la wanawake sita lilianzia Māngere, kusini mwa Auckland, katika kituo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 2010 katikati ya mtaa wenye Wapasifika wengi, na FCC ndiyo iliyoliandaa. Subira ya mtunzi ilikuwa na ukumbi pamoja na mwandalizi. Kampala kuna Jumba la Taifa la Maonyesho tangu mwaka 1959, na tangu mwaka 2014 kuna tamasha la kimataifa la tamthilia ambalo limekuwa likipokea kazi mpya. Sijaona kikundi kikimwandikia mwandalizi yeyote barua moja ya kumtambulisha mtunzi, na nilipomwuliza Mwalimu alijibu, “Sisi ni shamba la miche, si soko.” Jibu lake ni zuri kulisikiliza, ila miche nayo huchakaa kwenye kopo.

Kwa sasa ningemshauri aende yule mwenye rasimu kamili, si wazo wala onyesho moja, na anayeweza kuvumilia kukaa kimya huku sentensi aliyoipenda ikimshinda msomaji hadharani. Anayetafuta mwongozaji au mfadhili hatampata pale. Ada ya kiingilio hakuna. Kinachochangwa ni fedha kidogo ya chai na maandazi, na anayesomewa mswada siku hiyo hachangi. Mtunzi aende na nakala za kutosha zilizochapwa kwa herufi kubwa, kwa sababu taa za ukumbi ni hafifu, na katika miezi ya mvua aombe kikao cha asubuhi.