Kuasili mtoto wa mwenza Mbeya wakati kesi ya malezi haijaisha: huduma ipi inafaa

Mbeya mjini hukosi mtu wa kukuandikia karatasi za mahakama. Kuna vibanda vya kuchapa, wasaidizi wa kisheria na mawakili. Kwa madai ya matunzo ya kawaida wengi wanatosha. Lakini baba wa kambo akitaka kumuasili mtoto wa mkewe, yaani kumfanya wake kisheria, huku mama na baba mzazi bado wanavutana nani akae na mtoto, kuchagua vibaya kunaweza kumgharimu mtoto mwaka mzima.

Vibanda hatuvipendekezi kwa jambo hili. Bei ni nafuu na kazi inatoka siku hiyohiyo, ila wachapaji wengi hutumia fomu moja kwa kila shauri la mtoto. Nani akae na mtoto ni suala la Mahakama ya Watoto, au linaamuliwa ndani ya shauri la talaka, ambalo hata mahakama ya mwanzo inaweza kulisikiliza. Kuasili ni mlango mwingine kabisa: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maombi hayo yapelekwe Mahakama Kuu. Wa Kyela, Tukuyu au Chunya aende Mahakama Kuu Mbeya. Maombi ya kuasili yenye kichwa "Katika Mahakama ya Wilaya" yatakwama, hata yakiwa yameandikwa vizuri kiasi gani.

Kagua pia ukurasa wa mwisho wa hati ya kiapo, yaani maelezo unayoapa kuwa ni kweli na kuyaambatanisha na maombi, kabla hujalipa. Mara nyingi muhuri wa kamishna wa viapo umepigwa na saini ipo, lakini pale penye "kimeapwa hapa ... leo tarehe ..." pamebaki nukta tupu. Sheria inataka mahali na tarehe viandikwe. Wakili wa upande wa pili akiliona pengo hilo ataomba kiapo kiondolewe, na maombi yanaanguka kabla jaji hajasoma hata mstari mmoja kuhusu mtoto.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tunawapa alama nzuri kwa hatua ya kwanza. Hawatozi, wanaeleza kwa lugha ya nyumbani, na wanajua kukuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mbele ya hakimu wala jaji, kwa hiyo usiwategemee siku ya kusikilizwa.

Kwa wakili, mpime kwa swali moja: "Hii kesi ya malezi iliyopo utaiandika wapi?" Anayefaa atajibu kwamba inaingia aya za mwanzo, pamoja na namba ya shauri, jina la mahakama, tarehe inayofuata na nakala ya amri yoyote ya muda. Akikuambia "tuiache kwanza, tukipata amri ya kuasili ile itakufa yenyewe", chukua faili lako uondoke. Kesi ya malezi haiinyang'anyi Mahakama Kuu mamlaka ya kuasilisha, na kufungua maombi ya kuasili hakumfungi mikono hakimu anayesikiliza malezi. Mashauri hayo yanaweza kuwa hai kwa pamoja. Kinachoharibu ni kuficha moja.

Ugumu wenyewe uko kwenye ridhaa. Mzazi wa damu lazima aridhie. Mahakama inaweza kuivuka ridhaa hiyo ikiwa, kwa mfano, amemtelekeza au kumtesa mtoto, hapatikani, au anaikataa bila sababu ya msingi. Sasa baba anayepanda gari kutoka Tunduma kila tarehe ya kesi kudai mtoto wake, utasemaje kwamba hapatikani? Mwenendo wa shauri la malezi, yaani kumbukumbu za mahakama, ndio ushahidi kwamba yupo. Amri iliyopatikana bila yeye kuitwa ina hatari ya kutenguliwa, wakati mtoto ameshazoea jina jipya.

Ndiyo maana huduma tunayoiweka juu ni Mahakama ya Watoto Mbeya. Mashauri husikilizwa faragha, bila ukali wa mahakama ya kawaida, na afisa ustawi wa jamii anakuwepo. Hakimu anaweza kuamua mtoto akae wapi, nani amtembelee na nani atoe matunzo, na mambo yakibadilika amri inaweza kurekebishwa. Kuasili hakurekebishwi hivyo. Kunakata haki na wajibu wa baba mzazi, yaani hata matunzo yake huwezi kuyadai tena, jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi mapema. Malizeni malezi kwanza, ndipo mwende kwa jaji mkiwa na uamuzi mkononi.

Umri nao uhesabiwe nyumbani kabla ya kulipa ada yoyote. Mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mama na baba wa kambo wakiomba kwa pamoja, mmoja wao akitimiza inatosha. Baba wa kambo wa miaka 30 na mtoto wa miaka 10 wana pengo la 20, kwa hiyo umri wa mama ndio utakaobeba maombi. Mtoto aliyefika miaka 14 lazima naye aulizwe na aridhie.

Cheti cha ndoa mpya kiangaliwe kwa makini zaidi ya karatasi nyingine zote. Kama talaka ya ndoa ya kwanza haijatolewa na mahakama, mama bado ni mke wa mtu, na huyo anayeitwa baba wa kambo hana ndoa ya kusimamia maombi ya pamoja. Hapo faili la kufungua ni la talaka.