Mipira ya inchi 35 kwenye Land Cruiser: mpando wa Mushaki umenionyesha

Wandugu, karibuni tena, tuko Goma, mvua imetoka kunyesha, na leo nina hasira. Lakini muangalie hii mipira, haya matairi, kwanza. Inchi 35, meno makubwa ya matope, imejaa chini ya fenda yote. Kwa macho naipenda, siwezi kuficha. Jana tuliipitisha Buhene, juu ya mawe ya volkano ya 2021, yale yanayokata mpira ubavuni kama wembe, na hakuna hata mmoja uliotoboka. Na ona hapa chini ya difu, lile sanduku la meno katikati ya ekseli: tumepata nafasi ya sentimita 5 zaidi kuliko na mipira yangu ya inchi 31. Wale wanaonyanyua gari kwa springi peke yake, difu yao inabaki pale pale. Mpira ndio unainyanyua.

Sasa hasira yangu. Aliyeniuzia aliniambia: "Papa, funga tu uende, hakuna kingine cha kubadilisha." Hapana! Leta kamera chini, karibu kabisa. Nimepiga chaki kwenye mpira, na chaki nyingine kwenye shafti, ile fimbo inayozungusha difu. Vijana, sukumeni polepole. Hesabuni shafti: moja... mbili... tatu... nne, na kidogo. Simamisheni! Mpira umezunguka mara moja tu. Difu yangu ni meno 41 kwa 10, ndiyo hiyo 4.1: shafti mara 4.1, mpira mara moja. Leta kipimo. Gari imesogea mita 2.71. Wiki jana, na mipira ya zamani, hapa hapa, ilisogea 2.40. Mumeona? Shafti imezunguka sawasawa, motere (injini) ni ile ile, lakini kila mzunguko wa mpira inasukuma gari sentimita 31 zaidi. Ni kama mtu amekuja usiku akakuwekea difu ya 3.6: namba ikishuka, nguvu ya kuvuta nayo inashuka.

Na motere yangu ni 1HZ, dizeli ya Toyota, lita 4.2, haina turbo ya kuisukumia hewa. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ukipanda Masisi hewa inazidi kupungua. Mpando wa Mushaki, simenti mifuko 10 nyuma, nilizoea kupanda na vitesi ya tatu, ndugu wa Kenya munaita gia. Safari hii nimerudi ya pili, moshi mweusi, klachi inanuka. Vitesi ya tano siigusi tena. Kushuka kurudi Sake ndiko kuliniogopesha: motere haizuii gari kama zamani, unabaki na fureni (breki) tu, na mpira mzito unazichosha. Saa ya mwendo nayo inadanganya, inaandika 60 kumbe uko karibu 68.

Kuna aliyeniandikia kwamba Hilux ya turbo haisikii hii kitu. Inasikia, ila turbo inafunika. Wengine munasema nitie low, zile vitesi za nguvu za kwenda polepole. Kweli, kwenye mawe ya Buhene low ilinitosha kabisa. Lakini nani ataenda Masisi njia nzima na low?

Dawa ni meno ya difu. Chukua 35, gawa kwa 31, zidisha na 4.1: unapata 4.63. Madukani utatafuta 4.56 au 4.88. Mimi, kwa hii milima yetu, nachukua 4.88. Na ubadilishe difu zote mbili, mbele na nyuma, namba moja. Ukiweka namba tofauti halafu ukatia 4x4, zinavutana mpaka kitu kivunjike.

Bei niliyopewa na fundi kwa difu mbili inakaribia bei ya mipira yenyewe, na hilo ndilo linaniuma. Kwa hiyo kama pesa haitoshi, hata mimi niliyesema naipenda hii 35, nakuambia chukua 33. Hapo gari inapoteza asilimia 6 tu ya nguvu ya kuvuta, 1HZ itavumilia.

Jumamosi Papa fundi anafungua difu mbele ya kamera, mutayaona hayo meno kwa macho. Ambao hamujajiunga na chaneli, jiungeni sasa, maana tukishafunga 4.88 tunarudi Mushaki na mifuko ile ile 10, na nitaanza na vitesi ya tatu.