Stendi kwanza, filta baadaye: nini cha kununua kwa ajili ya kupiga picha maporomoko ya maji

Maji huonekana kama hariri kwenye picha pale shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, inapobaki wazi kati ya robo sekunde na sekunde moja. Maji yanashuka na kuacha michirizi, mwamba na miti vimetulia. Kazi hiyo inadai kamera isiyotikisika kabisa na mwanga usiozidi. Wanunuzi wengi hukimbilia filta, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, kwa sababu ni ndogo na inaingia mfukoni, halafu wanarudi kutoka matembezini na picha ambayo maji yamelainika na mwamba nao umelainika. Ndiyo maana orodha hii inaanza na miguu.

1. Stendi ya miguu mitatu

Tafuta yenye uzito wa kilo 1 hadi 1.5. Iliyo nyepesi zaidi itatikiswa na upepo unaosukumwa na maji yenyewe yanapoanguka, na iliyo nzito zaidi utaichukia kabla hujafika. Njia ya kwenda Sanje kule Udzungwa, maporomoko ya mita 170, ni ya kupanda mlima, na kila gramu begani utaihesabu.

Fungio za miguu ziwe za klipu. Zile za kuzungusha ni nzuri mjini, lakini mchanga wa mtoni ukishaingia kwenye nyuzi zake za skrubu zinakwaruza na mwisho zinagoma kukaza. Klipu nazo hulegea, ila skrubu yake unaikaza mwenyewe kwa ufunguo mdogo unaokuja na stendi. Usiupoteze.

Dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, usiridhike kuiona imekunjwa kwenye mfuko wake. Ifungue yote, kaza kila fungio, kisha kandamiza juu kwa kiganja chako. Mguu ukiteleza hata sentimita moja, iache. Halafu funga kamera yako juu, vuta zoom hadi mwisho, tazama skrini na ugonge mguu mmoja kwa kidole: picha itetemeke kidogo na itulie ndani ya sekunde moja au mbili. Mwisho laza kamera upande, kama unayepiga picha ya wima, uiachie taratibu huku mkono ukiwa chini yake. Kichwa kibovu, yaani sehemu ya juu ya stendi inayoshika kamera, kitaanza kuinama polepole. Kwa shata ya nusu sekunde, kuinama huko kunatosha kuharibu picha.

Ukiwa mtoni, vuta kwanza vipande vinene vya mguu. Kile chembamba cha mwisho kivute pale tu unapolazimika. Nguzo ya katikati ibaki chini. Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi, weka taima ya sekunde 2, na miguu usiisimamishe kwenye maji yanayokwenda kasi, kwani mtetemo wake hupanda hadi kwenye kamera.

Anayetumia simu naye aanze hapa hapa. Nunua kishikio cha simu kinachokazwa kwa skrubu. Cha springi hulegea kwa muda. iPhone huunganisha fremu za Live Photo, picha yenye mwendo mfupi ndani yake, kuwa picha ya maji laini, na simu nyingi za Android zina hali ya Pro ya kuchagua kasi ya shata.

2. Filta ya CPL

CPL ni filta ya polaraizi, unayoizungusha mbele ya lenzi. Kwa maporomoko yaliyo msituni, hii ndiyo filta tungenunua kama fedha inatosha moja tu. Inakata mng'ao unaokaa juu ya mawe na majani mabichi. Izungushe taratibu ukiwa umekazia macho jiwe moja lililolowa: weupe ule unazimika, na rangi ya jiwe inatokea chini yake, kahawia, nyeusi, kijani. Hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia rangi hiyo baadaye.

Pia inapunguza mwanga kwa stopu moja hadi mbili, kila stopu ikikata nusu ya mwanga. Kwenye kivuli cha miti, ukiwa na ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) na f/11 (upana wa tundu la lenzi), shata mara nyingi ni kama 1/8 ya sekunde; ukiongeza CPL unafika karibu na robo sekunde na zaidi. Hapo ND, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, haihitajiki. Tahadhari ni moja: jua likiwa mgongoni na upinde wa mvua umetokea kwenye manyunyu, CPL ikizungushwa vibaya inaufuta upinde wote. Endelea kuzungusha hadi urudi.

Kuipima dukani, omba kikokotoo cha muuzaji. Elekeza upande wenye nyuzi za kufungia kwenye lenzi upande wa jicho lako, tazama tarakimu kupitia kioo na uzungushe. Kioo cha kikokotoo kisipofanyika cheusi popote, umeuziwa kioo cha kawaida.

Angalia kipenyo mbele ya lenzi, penye alama Ø. Lenzi za 18-55 za Canon nyingi ni 58 mm, za Nikon ni 52 au 55. Kama unatarajia kubadilisha lenzi, nunua filta ya 67 au 77 na ringi ya kuiunganisha.

3. ND64

Hii hupunguza mwanga mara 64, na ni ya mahali pa wazi na jua kali, kama ukitazama Thomson's Falls pale Nyahururu, mita 74 za maji mchana kweupe. Juani kwa ISO 100 na f/11 shata ni 1/200; ND64 inaishusha hadi karibu theluthi ya sekunde. ND8 inakuacha kwenye 1/25, haitoshi. ND1000 inakupeleka sekunde 5, na maji yanakuwa maziwa matupu yasiyo na michirizi. Kubana tundu la lenzi hadi f/22 badala ya kununua filta kunapunguza ukali wa picha nzima.

Ipime juu ya karatasi nyeupe. Ikigeuza weupe kuwa zambarau au kahawia, picha zako zitakuwa hivyo hivyo.

4. ND ya kuzungusha

Inavutia kwa sababu moja inafanya kazi ya nyingi. Kwenye lenzi pana, ukiizungusha hadi mwisho, kivuli chenye umbo la X hukatiza picha. Kwa video inafaa. Kwa picha za maporomoko iache hadi mwisho.

Bila kujali umenunua nini, beba taulo dogo la kunyonya maji, vitambaa viwili vya maikrofaiba kwenye mfuko wa plastiki, na kofia ya plastiki ya kuogea ya kufunikia kamera. Funika lenzi, panga picha, funua, piga, funika. Filta ikikwama, izungushie rababendi nene ndipo uifungue. Nyumbani suuza miguu ya stendi kwa maji safi na uiache ikauke ikiwa imefunguliwa yote.