Kozi ya Urubani kwa Pesa ya Mbao: Hesabu Ndege Kwanza

Malalamiko ya wazazi wa Mafinga na Tukuyu yanafanana: miti imekatwa, ada imelipwa yote, na mtoto anamaliza mwezi wa nne hosteli bila kuruka. Majengo na sare za chuo siviongelei. Uliza ndege ngapi zinaruka leo, na kwa wanafunzi wangapi.

Piga hesabu. Leseni ya rubani wa biashara, CPL, inadai saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Wanafunzi 20 ni saa 3,000. Chuo cha ndege 2 kinaibebesha kila moja saa 1,500, na kila saa 100 ndege ya mafunzo huingia karakana: mara 15. Ikiruka saa 5 kila siku bila kukosa, ni siku 300, na hapo hujaweka siku za karakana, mvua za masika, wala silinda inayosubiriwa kutoka ng'ambo. Mwanafunzi akikaa wiki tatu chini, kutua kunamtoka mkononi. Mwalimu anamrudisha somo la nyuma, na saa za marudio mnalipa ninyi. Zaidi ya wanafunzi 6 kwa ndege moja, ondoka.

Napendelea Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo ya injini moja, sifichi. Mafundi wanaoijua wako Dar, Arusha na Nairobi, na kampuni zetu ndogo zinarusha Caravan, ndege ndogo ya abiria ya kiwanda hichohicho.

Namba moja kwangu ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar. Ni chuo cha serikali, leseni ni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, moja kwa moja, na mzazi anapanda basi Mbeya akahesabu ndege kwa macho yake.

Ya pili, vyuo vya Wilson, Nairobi. Uwanja uko juu ya futi 5,500, kwa hiyo kijana atazoea hewa nyepesi kabla ya kukutana nayo kwenye viwanja vya Songwe, Mbeya, au Nduli, Iringa. Ubaya ni foleni: injini ikiwaka mkisubiri kuruka, mita inahesabu. Leseni ya Kenya nayo itabidi ibadilishwe TCAA.

Afrika Kusini ya tatu, kwa wenye pesa ya pango na viza. Cessna 152 za bei nafuu? Zinafaa kwa PPL, leseni ya rubani binafsi ya saa 40, basi.

Mawakala wa vyuo ndio wanaonikera. Wanataja bei ya saa za chini kabisa kisheria, kwa dola, huku ada ya mtahini, ada za kutua na marudio zikibaki nje ya karatasi. Wengine wanataja bei ya saa bila mafuta. Na kuhusu cheti cha afya daraja la 1 wako kimya, wakati macho au moyo vinaweza kuifunga safari kabla shamba halijauzwa. Kapimeni kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Kisha lipeni PPL peke yake, na fedha ya CPL ibaki benki mpaka mwone kitabu chake cha saa kinajaa kila wiki.