Bia krafti na nyama choma Nairobi: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Ukifika Kenyatta Market huchagui nyama kwa kusoma bango. Unalitazama paja linaloning'inia, unauliza mbuzi amechinjwa lini, unayaangalia mafuta ya kwenye mbavu, kisha unaonyesha kwa kidole: "Nikatie hapa." Mtu huyo huyo akiingia supamaketi jioni na kusimama mbele ya rafu ya bia za viwanda vidogo, huchukua chupa yenye picha ya kupendeza na kwenda zake. Inaniuma kila ninapoiona, maana chupa hizo si za bei rahisi. Bia ya kunywa na choma inataka macho yale yale ya buchani: imetengenezwa lini, na inakwenda kufanya kazi gani mezani?

Bia krafti ni bia inayopikwa kidogo kidogo na kiwanda kidogo, mara nyingi bila kuchujwa sana, na mpishi wake yuko huru kucheza na kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa), hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira. Hapa kwetu tunazo Sierra, Bateleur, 254 Brewing na Bila Shaka, na orodha inaendelea kukua. Baadhi zimo kwenye supamaketi kubwa zenye sehemu ya pombe, nyingine utazikuta baa na mikahawa michache tu, au kwa wanaoleta hadi mlangoni.

Ukilinganisha bei, linganisha kwa mililita. Chupa nyingi za krafti ni za mililita 330, na Tusker tuliyoizoea ni ya 500. Tuseme ya krafti inauzwa shilingi 330 na Tusker shilingi 250: ya kwanza ni shilingi moja kwa kila mililita, ya pili ni nusu shilingi. Yaani unalipa mara mbili. Ukishajua hivyo hutaimimina tu kwa sababu una kiu. Utaitafutia chakula kinachostahili.

Tarehe kwanza, jina baadaye

Kabla hujachagua aina yoyote, geuza chupa au kopo. Tarehe huchapwa kwa wino mdogo shingoni, pembeni mwa lebo au kwenye kitako cha kopo, na wakati mwingine utahitaji tochi ya simu. Bia zenye hopsi nyingi ni za kunywewa ndani ya miezi mitatu hivi tangu zipakiwe. Zenye kimea kingi na stauti, yaani bia nyeusi, huvumilia zaidi. Bia ikizeeka haisumbui tumbo wala haiui mtu, lakini harufu ya maua na machungwa huondoka, na mahali pake huja ladha ya boksi lililonyeshewa.

Jambo la pili ni mwanga. Kuna duka moja nilinunua chupa sita kwa bei ya ofa, friji yao ikiwa imeelekezwa dirishani, jua la saa tisa likiingia moja kwa moja. Nyumbani, makaa yameshika na wageni wamekaa, nikafungua ya kwanza. Kabla haijafika mdomoni ilinukia kama kicheche. Ya pili vivyo hivyo. Mwanga ukiigusa hopsi ndani ya bia huzaa harufu hiyo hasa, na hauhitaji siku nyingi. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani na ya kioo cheupe hazizuii sana, na kopo linauzuia wote. Kwa hiyo kama una hiari, chukua kopo, au chupa ya kahawia iliyokaa nyuma ya rafu.

Halafu ukague stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Programu yao ya Soma Label inakuwezesha kuiskani kwa simu ujue kama ni halali. Ni kazi ya nusu dakika.

1. Amber, kwa mbuzi choma

Ningeambiwa nichague bia moja tu ya kuweka kando ya jiko, ningechukua hii bila kufikiri. Ni bia ya rangi ya asali nyekundu, mara nyingi kati ya asilimia 4.5 na 5.5 za kilevi, isiyo chungu sana, yenye ladha ya mkate uliookwa mpaka ganda likawa kahawia. Sierra wana Amber yao, na mikahawa inayopika bia zake haikosi kitu cha ukoo huo.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza iko motoni. Paja la mbuzi likikaa juu ya makaa, protini na sukari kidogo iliyomo kwenye nyama hukutana na joto kali, na juu kunafanyika ule ukoko wa kahawia ambao kila mtu huuvizia ubaoni. Kimea cha bia ya Amber kimepitia jambo lilo hilo: shayiri iliyooteshwa imekaushwa kwa moto mkali zaidi kuliko ya laga ya kawaida, hadi ikapata rangi na harufu ya kuokwa. Ukoko wa nyama na kimea cha bia ni ndugu wa baba mmoja. Unapotafuna na kupiga funda, huoni mahali ladha moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia.

Na kuna chumvi. Choma yetu haina mambo mengi: nyama, chumvi, moto, na rundo dogo la chumvi pembeni mwa ubao. Chumvi huipunguza makali ya uchungu wa bia na kuutokeza utamu wa kimea. Gesi nayo hufanya kazi yake, inasugua ulimi na kuondoa mafuta ya mbavu, kipande kinachofuata kikija kama cha kwanza. Mjomba wangu wa Rongai, mzee wa Tusker tangu ujana wake, nilimpa glasi moja ya Amber bila kumwambia ni nini. Alikunywa, akachovya kipande cha ubavu kwenye chumvi, akanywa tena, akauliza, "Hii inauzwa wapi?" Hajawahi kuniuliza swali hilo kuhusu kitu kingine chochote nilichompa.

Ukiikosa, tafuta lebo iliyoandikwa Red Ale au Brown Ale. Zinaishi mtaa mmoja.

2. Bia ya ngano, kwa kuku na samaki

Hii ina ukungu, rangi ya maji ya embe yaliyotiwa maji mengi, na hamira ya mtindo wa Kijerumani huipa harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo; yote hayo ni kazi ya hamira. Kuku wa kienyeji aliyekamuliwa ndimu, au tilapia wa kuchoma mwenye dania tumboni, bia hii humfaa sana, kwa sababu nyama hizo ni nyepesi na bia nzito ingezifunika.

Imimine hivi: inamisha glasi, mimina theluthi mbili, simama. Izungushe chupa taratibu mpaka ule unga uliotulia chini uinuke, kisha malizia. Watu wengi huuacha chini wakidhani ni uchafu, na hapo wameacha nusu ya ladha dukani.

Kachumbari yenye nyanya nyingi haigombani nayo. Pilipili pia inakaa vizuri.

3. Stauti, kwa mutura, maini na mbavu za ng'ombe

Stauti ni nyeusi kwa sababu ya nafaka iliyokaangwa kama kahawa. Weka kando ya mutura wa moto uliotoka kukatwa, wenye mchanganyiko wa damu, matumbo na pilipili hoho, uone. Ladha ya moshi na ladha ya kukaangwa zinaelewana, na uchungu wake ni wa kahawa, si wa majani. Maini yaliyochomwa kidogo, bado laini katikati, nayo yanapata mwenzao.

Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi yake ya mita 1,795 juu ya bahari, stauti ingepanda hadi nafasi ya pili kwangu. Na hapa nataka kutetea kitu ambacho wageni hukicheka. Mhudumu wetu huuliza, "Baridi ama moto?", akimaanisha ya friji au ya rafuni. Stauti hutoa ladha yake vizuri ikiwa na nyuzi joto 10 hadi 13. Jioni ya Julai rafu ya Nairobi nayo ina ubaridi wake. Wazee wanaoagiza nyeusi "moto" wako sahihi kuliko anayeigandisha.

Kama hujawahi kunywa stauti, anza na Guinness ya chupa iliyoko kila duka, ujue kama unaipenda ladha hiyo, ndipo ulipe zaidi kwa ya krafti.

4. Pale Ale, ya mkahawani

Nyumbani kwenye choma naiweka ya nne, lakini mkahawani ningeipandisha. Mezani kuna baga, chipsi, samosa, bhajia, kuku wa kukaanga, kila mtu ameagiza chake. Pale Ale ina uchungu wa wastani na harufu ya machungwa, inakata mafuta ya kukaanga bila kumlazimisha mtu yeyote. Uliza kama wanayo ya mfereji, na uliza pipa limefunguliwa lini. Mhudumu anayejua jibu ni dalili nzuri. Asipojua, agiza ya chupa.

5. IPA

Wapenzi wa krafti wengi huanza na IPA (India Pale Ale, ndugu ya Pale Ale yenye hopsi nyingi zaidi), na ni bia ninayoipenda. Ila kando ya choma naiweka mwisho. Uchungu wake mwingi na kilevi chake, ambacho mara nyingi hupita asilimia 6, huongeza mwako wa pilipili mdomoni badala ya kuuzima. Ukiwa na kachumbari yenye pilipili mbichi ya kuwasha, utatoka jasho na hutaonja nyama wala bia. Inywe peke yake, mapema, nyama ikiwa bado mbichi.

Laga na saida

Laga ya kawaida sijaipa namba kwa sababu ina kazi yake. Paja zima la mbuzi juu ya moto wa wastani linataka karibu saa moja na nusu, na mchomaji anasimama kwenye moshi muda wote huo. Tusker au White Cap yenye asilimia 4.2, baridi sawasawa, ndiyo ya kazi hiyo. Usimpe bia ya bei kali mtu anayefukuza moshi machoni.

Saida si bia, ni tofaa lililochachushwa, lakini kwa wanaokula nguruwe haina mpinzani. Nguruwe na tofaa vimezoeana tangu zamani. Tafuta iliyo kavu, isiyo ya sukari nyingi.

Friji, glasi, sufuria

Bia ya baridi kupita kiasi hufa ganzi, na ulimi pamoja nayo. Laga na ya ngano zitoke friji na ziende mezani. Amber na Pale Ale zitoe dakika kumi na tano kabla. Tumia glasi, na ioshe kwa sabuni kisha isuuze vizuri kwa maji mengi, kwa sababu mafuta huua povu papo hapo. Mikono ya choma ina mafuta, kwa hiyo shika glasi chini, si mdomoni.

Wengine humwagia nyama bia ikiwa motoni. Mimi siungi mkono: inasomba chumvi na kuzima makaa. Kwenye sufuria ni habari nyingine. Nusu kikombe cha stauti ndani ya kitunguu kilichokaangwa, kabla ya kurudisha mbuzi wa kukaanga, kinaleta mchuzi mzito wa ajabu. IPA usiithubutu humo. Maji yakipungua, uchungu unabaki wote.

Kikapu cha Jumamosi

Watu sita, kilo tatu za mbuzi mwenye mifupa na kuku mmoja. Hununua laga sita za kusubiria, Amber nane, za ngano tatu na stauti mbili za mutura. Wasiokunywa nawawekea soda ya tangawizi na maji ya ukwaju, yanayokwenda na choma kama yalivyotungwa kwa ajili yake. Dukani naenda mwenyewe. Chini ya miaka 18 hauziwi pombe, kwa hiyo usimtume kijana wa nyumbani. Waliokuja na gari hupanga teksi mapema, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, maana saa nne usiku kila mtu mtaani anaitafuta hiyo hiyo.

Mkipanga kwenda kuchomea nje, pigeni simu kwanza. Nyumba nyingi za choma haziruhusu kuingia na bia yako, na zinazoruhusu hutoza kwa kila chupa. Uliza mambo mawili: mna krafti gani, na mbuzi wa leo ni wa saa ngapi. Wakikujibu "Amber ipo, na mbuzi anaingia motoni saa saba," fikeni saa nane.