Ofisi Isiyo na Kiyoyozi Mtwara: Hewa Sawa, Uvundo Siutaki

Ofisi tuliyopanga karibu na bandari haina kiyoyozi hata kimoja, na mwenye jengo aliinadi kwa hilo hilo. Hewa inaingilia kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini, inapoa humo, inatokea kwenye matundu ya chini ya ukuta. Ya moto inavutwa juu na dohani ya bati nyeusi inayopigwa jua. Bili ya umeme kiduchu. Nisiwe mnafiki, msimu wa kusi nilijisifia kwa watu.

Mvua zilipokolea, nikafungua ofisi asubuhi uvundo ukanipokea mlangoni. Tope, na kitu kilichooza. Nikapiga magoti nyuma ya meza yangu, nikamulika tundu kwa tochi ya simu: maji meusi yametuama, na chura katulia humo ananitazama kama mpangaji mwenzangu. Hewa tunayovuta kutwa inapita juu ya maji yale! Faili za korosho za kabati ya chini zimeota ukungu. Hati moja ya mteja nilipoibandua, muhuri ukabaki kwenye karatasi ya pili.

Nikampigia msimamizi. Kaja saa nane mchana, anazungusha funguo kidoleni, hata kuinama hakuinama.

"Dada, hiyo ni hewa asilia. Ukitaka baridi ya Dar, hamia Dar."

Nani kalalamikia baridi? Nimelalamikia chura! Nikamuuliza bomba limeinamia upande gani, na maji yake yanatolewa wapi. Akacheka.

"Kwani wewe injinia?"

Mbele ya wateja wangu. Na kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo.

Jibu la swali langu fundi bomba yeyote analo: bomba liwe na mteremko, mwisho wake kishimo cha kutolea maji, mdomo wa nje uwekewe wavu. Hewa ya pwani ina unyevu, na maji ya mvua yanapenya kwenye maungio mabovu. Siku ya kupanga msimamizi huyu huyu alitusimulia Eastgate ya Harare, Zimbabwe, jengo la mwaka 1996 lililobuniwa na msanifu Mick Pearce, eti linajipoza lenyewe. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake una baridi ya kupoza zege. Sisi Februari tunalala na feni! Udongo wa mita mbili tatu chini unakaribia wastani wa joto la mwaka, na kwetu ni kama nyuzi 26. Kwa hiyo hata bila chura, mabomba haya yanapunguza makali tu. Anayetegemea kujifunika sweta asije.

Nilishaamua kuipa ofisi hii nyota moja. Halafu umeme ukakatika tangu asubuhi, kama kawaida yetu. Jirani zetu wenye viyoyozi na madirisha yasiyofunguka wakahamia chini ya mwembe. Sisi tunapiga kazi, na wateja wao wakaja kukaa kwetu, pua wameziba kwa khanga. Mmoja akaniomba namba ya fundi wa mabomba yetu. Nikampa, Mungu anisamehe.

Basi hewa nyota tatu, msimamizi sifuri. Hapana, hizo tatu nazo nazishikilia hadi bomba lichimbuliwe. Mkataba ukiisha nahama. Labda umeme uendelee kukatika hivi.