Niliilipa simu initambulie Jiwe la Baridi: uzoefu wangu

Nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo nimeitoa kwa huruma. Nazungumzia programu ya simu ya kutambua mawe kwa picha. Jina lake naliacha. Zipo nyingi, na nadhani zote ni ndugu wa baba mmoja.

Nyumbani Kisauni, Mombasa, tuna jiwe jeusi la mviringo, ukubwa wa chungwa dogo, linalokaa kabatini kwa nyanya limefungwa kipande cha leso. Twaliita Jiwe la Baridi. Mtoto akijigonga kipaji, analetewa jiwe. Akishikwa na matubwitubwi, jiwe. Hata Februari, saa nane mchana, mji mzima ukitokota, ukilishika utadhani limetoka kisimani sasa hivi. Ami yangu anashikilia kuwa ni risasi ya mzinga iliyookotwa Ngomeni (Fort Jesus), ya wakati Waomani walipowazingira Wareno, 1696 hadi 1698. Binamu zangu wanasema ni kimondo. Nyanya yeye huwa hasemi kitu, hulipaka mafuta ya nazi akalirudisha mahali pake.

Basi jioni moja, nikisubiri adhana ya magharibi, nikapakua hiyo programu. Picha ya kwanza nikapiga dirishani: basalti, yaani jiwe la volkano. Ya pili chini ya taa: hematiti, jiwe lenye madini ya chuma. Ya tatu, baada ya kulifuta mafuta: kimondo cha chuma, uhakika asilimia 87! Jiwe ni lile lile, kiganja ni kile kile. Halafu ikaniambia nikitaka ripoti kamili nilipe shilingi 650 kwa mwezi. Nikalipa, ujinga wangu. Ripoti yenyewe ilikuwa kurasa mbili kuhusu vimondo kwa jumla, na chini kabisa bei kwa dola. Binamu yangu mmoja alishaanza kuulizia bei ya Probox.

Nyota ya haki ni hii: ndani mna mafunzo mafupi ya kupima mawe nyumbani, nayo ni mazuri. Tone la siki hutoa povu kwenye jiwe la chokaa (nilijaribu kwenye kipande cha tumbawe kutoka ukutani, likachemka kweli). Sumaku nayo ikishika kwa nguvu, shuku chuma. Nilipochukua sumaku ya mlango wa friji, ilinitoka vidoleni ikajibandika kwenye jiwe kwa kishindo. Hapo hematiti na basalti zikaondoka zenyewe, kwa sababu hizo kwa kawaida sumaku huzigusa kwa unyonge tu.

Kesho yake nikalipeleka kwa sonara, mzee mmoja wa Mji wa Kale. Nikamwonyesha majibu ya simu. Akacheka. "Mwanangu, wewe ukiniletea picha ya bangili, mimi nitakupa pesa?"

Alipima kwanza hivi hivi: gramu 868. Akaweka bakuli la maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri. Akalifunga jiwe uzi, akalishusha polepole mpaka likazama lote bila kugusa chini. Mizani ikasoma 112. Ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Akagawanya kwa kalamu nyuma ya risiti: 7.75, yaani ni zito mara hizo kuliko maji ya ukubwa ule ule. Dhahabu safi, alisema, ingetoa zaidi ya 19. Hematiti haifiki 5.5. Basalti ni kama 3. "Hili si jiwe. Hiki ni chuma, tena chuma cha pua au kitu cha jamaa yake."

Na kimondo je, nacho si chuma? Akachukua kifaa chake cha kupimia upana, akalipima huku na huku: milimita 60, kila upande, tofauti haikufika milimita moja. Akalisukuma juu ya kioo cha meza likaenda moja kwa moja bila kuyumba. Kitu kilichoungua kikishuka angani hakiji kimeviringwa namna hiyo. Risasi za zamani nazo zilikuwa chuma cha kalibu, ambacho ni chepesi kidogo, kama 7.2, na mara nyingi huacha mstari wa kalibu kiunoni. Tulilizungusha chini ya lenzi, mstari hatukuuona. Baridi yake pia akaifumbua: chuma hunyonya joto la kiganja haraka kuliko jiwe. Hakutaka malipo, nikamnunulia kahawa na halua.

Jina kamili alilitoa jirani yetu, mzee aliyestaafu kiwanda cha saruji cha Bamburi. Hakulishika hata. Alilitazama tu mkononi mwangu akasema, "Gololi hiyo! Gololi ya kinu." Klinka, yaani vidonge vigumu vya saruji ambavyo havijasagwa, ikitoka tanurini, akaeleza, hutiwa kwenye pipa kubwa la chuma linalozunguka, ndani mna gololi tele. Zinapandishwa na mzunguko, zinaporomoka, zinasaga, na zenyewe zinalika. Zikiwa ndogo mno hutolewa. Kiwanda kilianza kuzalisha 1954, na marehemu babu alifanya kazi pale miaka mingi.

Ami amekasirika. "Kwa hiyo babu yenu alikuwa mwizi?" Jirani akamwapia kuwa zilizochakaa zilikuwa zikitupwa. Hajaridhika. Nyanya alitusikiliza wote, kisha akanyoosha mkono nimrudishie, maana mjukuu wake alikuwa ameanguka barazani.

Ukitaka kuijaribu programu hiyo, chukua yale mafunzo ya bure kisha tafuta mizani. Na kabla hujaifuta kwenye simu, sitisha malipo kwanza. Mimi niliifuta tu, nikakatwa 650 nyingine mwezi uliofuata.